Gari la Kulala la Mama Pindo

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Mama Pindo, na jina hilo alilipata kwa haki. Nguo ikitoka mkononi mwake pindo lilikaa sawa kama maji kwenye glasi, na likipinda hata upana wa uzi alilifumua mwenyewe kabla mwenye nguo hajaona. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, dirishani, na hapo dirishani ndipo alipoishi. Watu walipita nje wakamwona ameinama, pini mdomoni, mguu unakanyaga, na nyuma yake mumewe aliyerudi safari amekaa anasimulia.

Mumewe walimwita Masafa. Alikuwa dereva wa lori la kampuni ya mizigo, mtu mrefu mwenye sauti ya kushindana na injini. Akiondoka hakurudi leo wala kesho, na akirudi hakuleta zawadi kubwa, alileta habari. Mahali gurudumu lilipompasukia mvua ya mawe ikimpiga kichwani. Mahali nyani walipomwibia mkate wakamwachia karatasi. Mahali ambapo ukungu ulikuwa mzito mpaka alishuka akatembea mbele ya lori lake mwenyewe kutafuta barabara.

"Siku moja twende wote," alikuwa akimwambia mkewe. "Uone ninakolala."

"Nikimaliza nguo hii."

"Ya juzi pia ulisema hivyohivyo."

"Ya juzi ilikuwa ya bibi harusi. Hii ni ya mama yake. Unataka mwenye harusi aende uchi?"

Wakacheka. Na kweli walikuwa watu wa kucheka, mpaka ujana ukawapita bila kupiga hodi.

Mahali pamoja Masafa alipataja kuliko pengine pote. Huko mbali, kwenye mteremko mrefu wenye kona nyingi, kulikuwa na kona moja aliyokuwa akisimama kupoza breki. Nafasi ya lori moja tu, ukingo wa mawe, na chini bonde. Ukizima injini hapo unasikia maji yanapita, lakini huyaoni, hata ukichungulia vipi.

"Hapo ndipo nilipokuwa nikikuwaza," alimwambia. "Siyo kwamba kwingine sikuwazi. Kwingine nakuwaza nikiendesha. Pale nilikuwa nakaa chini nakuwaza."

"Acha uongo, wewe ulikuwa unakaa chini unakula."

"Nilikuwa nakula huku nakuwaza. Kwani mdomo na moyo ni kitu kimoja?"

Kampuni ilipomstaafisha ilimnunulia saa ya ukutani. Siku ya kuagwa, Masafa aliliona nyuma ya gereji gari moja kuukuu la kulala. Mbele lilikuwa kama basi dogo, na nyuma lilikuwa chumba kizima: kitanda, kabati, jiko la gesi na sinki la kunawia. Zamani walilitumia wapimaji wa barabara, na walipolichoka wakalitelekeza, kuku wakataga ndani. Masafa aliuliza kama linauzwa. Bosi akacheka, akasema, "Mzee, hilo ukiweza kulivuta ni lako." Akaiacha saa, akalivuta gari.

Lilipofika uani mtaa mzima ulikuja kutazama. Jirani yao muuza mkaa, mwanamke asiyelala na neno, alilizunguka mara moja akasimama, mikono kiunoni. "Dada, huyu mume wako kastaafu au kahama?"

"Anahama," Mama Pindo akajibu, "na mimi nahama naye. Utabaki kumsema nani?"

Hiyo ilikuwa ahadi, na wote wawili walijua. Safari hii hapakuwa na nguo ya kumalizia. Angekwenda kuisikia kona ile.

Lakini kabla Masafa hajamaliza hata kufagia manyoya ya kuku, kiharusi kilimwangusha bafuni. Kilichukua mkono wa kulia na mguu wa kulia, kikamwachia mdomo. Watu wakaja kutoa pole. Mama Pindo, ili machozi yasimwaibishe mbele za wageni, akafanya mzaha: "Kimekosea njia. Kingechukua mdomo, nyumba hii ingepumzika." Masafa ndiye aliyecheka kuliko wote.

Ikabidi kazi ya gari iwe ya watu wawili wanaofanya mtu mmoja. "Mikono yako, mdomo wangu," Masafa alisema. Kila asubuhi Mama Pindo alimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka uani, akamwegesha kivulini mwa gari, kisha akapanda ndani. Mume anaamuru kutoka chini, mke anajibu kutoka dirishani, na muuza mkaa anasikiliza kutoka upande wa pili wa ukuta, bure kabisa.

Hawakuwa watu wa kununua vitu vipya, na gari lile halikustahili vitu vipya. Mipira ya madirisha ilikuwa imekauka na kupasuka kama visigino. Mama Pindo alichana tyubu ya baiskeli kwa urefu, akaibandika pembezoni mwa vioo, upepo ukaacha kupiga mluzi. Milango ya kabati haikufunga. Masafa akasema barabara mbovu hufungua kabati kama mtoto mwenye njaa, basi kila mlango ukapata ulimi wa mpira na kifungo kikubwa cha koti. Mabomba ya sinki yalikuwa yameoza. Waliyaacha yalivyo, wakafunga dumu lenye koki juu ya sinki kwa mkanda wa begi, na maji yakatoka. Godoro alilishona kwa sponji ya makochi ambayo wateja walimwachia. Mapazia alitaka kuyatundika kama ya nyumbani.

"Funga juu na chini," sauti ikatoka nje.

"Pazia halifungwi chini."

"La nyumba halifungwi. La gari usipolifunga chini, kona ya kwanza litakupiga kofi."

Alinung'unika, akafunga juu na chini. Miguu ya kitanda aliikata kwa msumeno mpaka kitanda kikawa sawa na kiti cha magurudumu, ili mumewe aweze kuteleza kutoka huku kwenda kule bila kubebwa kama gunia. Kwa wauza vyuma chakavu alipata mkanda wa usalama wa basi lililopinduka, akaushona kwenye kiti cha nyuma ya dereva kwa sindano ya ngozi, mshono juu ya mshono. Binti yao, aliyekuwa dereva wa basi la shule na aliyerithi usukani wa baba na ulimi wa mama, aliuvuta kwa nguvu zake zote akasema, "Huu hata tembo hatoki."

"Tembo hana mke wa kumfunga," Masafa akasema.

Kilichobaki ni paa. Masafa aliuliza zaidi ya mara moja, "Paa likoje?" na mkewe akamjibu, "Paa niachie mimi." Alikuwa na lake moyoni. Alitaka jambo moja ndani ya gari lile lisitoke mdomoni mwa mumewe, litoke kichwani mwake yeye. Bati la paa lilikuwa na doa la kutu pembeni, juu ya kitanda, na katikati ya doa kulikuwa na tundu. Alilitazama kwa macho ya mshonaji. Tundu la sindano. Yeye tangu usichana wake ametoboa vitambaa matundu yasiyo na idadi, na kitambaa ukikisugua kwa kucha tundu hujifunga. Akapaka rangi. Kisha akafanya alichofanya maisha yake yote juu ya kitu kisichopendeza ndani, akakitia bitana. Alitandaza sponji paa zima, akavuta juu yake kitambaa cha rangi ya maziwa, akakibana kwa vifungo mistari kwa mistari, mpaka ukilala chali ungedhani uko ndani ya sanduku la pete.

Walipomwingiza Masafa kuona, alinyamaza. Yeye kunyamaza! Alitazama juu muda mrefu. Kisha akauliza kwa upole, "Na chini ya kitambaa, chuma umekiziba?"

"Nimekipaka rangi."

Masafa akamtazama mkewe, akamtazama binti yao aliyekuwa bado anashangaa vile vifungo. Mama Pindo aliliona lile neno likimfikia mumewe kwenye midomo, akaliona likirudi. "Ni nzuri," akasema. "Sijawahi kulala mahali pazuri hivi." Na yeye, kwa kiburi cha mtu aliyesifiwa, hakuliuliza neno lililorudi lilikuwa lipi.

Shule zikafungwa. Binti akaomba ruhusa, wakapakia masufuria, mablanketi na dawa. Jioni ya kuamkia safari ikanyesha mvua ya kwanza, mapema kuliko ilivyozoeleka. Haikuwa kubwa. Asubuhi Mama Pindo alipofungua mlango wa gari, bitana ilikuwa imeshuka juu ya kitanda kama tumbo la mja mzito. Akanyoosha kidole aguse tu. Vifungo vikakatika, maji mekundu ya kutu yakamwagika yote juu ya godoro.

Binti alilia. Muuza mkaa alikuja, akatazama, na mara hii hakuwa na utani. "Usipoziba ufa," akaanza, akaona uso wa mwenzake, akaimeza methali yake, akaenda kuchukua ndoo.

Masafa hakumlaumu. Pengine angemlaumu ingekuwa nafuu. Alimwambia tu, "Kitambaa husamehe, mke wangu. Bati halisamehe. Ukilitoboa linaendelea lenyewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi."

Ikabidi apande juu ya paa, yeye ambaye tangu azaliwe hajapanda kitu kirefu kuliko stuli. Alivaa suruali ya mumewe, akafunga khanga juu yake kwa heshima, akapanda ngazi huku binti ameishikilia. Kutoka chini Masafa alimwongoza: kwaruza kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, futa vumbi, paka gundi, laza kipande cha turubai, paka gundi tena juu yake mpaka turubai lisionekane.

"Pembe zikate mviringo," akapaza sauti.

"Kiraka hukatwa mraba!"

"Mraba una ncha, na upepo hushika ncha. Mviringo hauna pa kushikwa."

Mama Pindo akazunguka na mkasi. Akakubali moyoni kwamba mviringo ulipendeza, lakini hakusema. Kiraka kilikaa. Mvua nyingine ikaja ikapita juu yake kama juu ya mgongo wa bata. Ikabaki kungoja godoro likauke, na jua lenyewe likawa la kuibia, linatoka kidogo linarudi ndani. Mbao za kitanda zilikuwa zimevimba, ikabidi zibadilishwe. Kila siku walisema kesho, na kesho ikawa na mawingu.

Katika siku hizo za kungojea godoro, kiharusi kikarudi. Mama Pindo alikuwa amemshikia kikombe cha chai. Masafa alikuwa katikati ya sentensi, anamweleza jinsi ya kushika breki kwenye mteremko ule, na sentensi ikakatika kama uzi. Hakuimaliza. Hospitali walimtunza wakamrudisha nyumbani na maneno machache ya upole. Mwili wake wote ulikuwa kimya sasa. Macho tu yalibaki, na macho nayo hayakukubali mkataba wa ndiyo na siyo. Ukimwambia funga mara moja kwa ndiyo, yalijifunga yanapotaka.

Ile sauti ya kushindana na injini haikusikika tena. Na ule mzaha alioufanya siku za pole, wa kiharusi kuchukua mdomo, ukawa unamrudia Mama Pindo kila akikaa peke yake.

"Mama, safari ya nini tena?" binti akasema. "Ilikuwa ni yeye akuonyeshe. Sasa atakuonyeshaje?"

"Mimi nitamwonyesha yeye."

"Huijui hiyo barabara. Hata mimi siijui."

"Nimeisikia maisha yangu yote," Mama Pindo akasema. "Washa gari."

Wakaondoka mvua ikiwa imeshika kweli. Masafa alikaa nyuma ya dereva, amefungwa mkanda wa basi lililopinduka, kichwa kimeegemezwa mto. Mkewe alikaa ubavuni pake na kuanza kumsimulia safari zake mwenyewe. Hapa ndipo gurudumu lilipopasuka, sivyo? Au ni mbele, pale penye daraja? Nyani ni msitu huu? Na kadiri alivyosimulia ndivyo alivyogundua kitu ambacho hakuwahi kukidhania. Hakuwa anazijua habari zile. Alikuwa na vipande. Cherehani ilikuwa inalia, mguu unakanyaga, na yeye alikuwa akisema "ehe" na "kumbe" huku macho yakiwa kwenye mshono. Mvua ya mawe alikuwa ameishona kwenye gurudumu, lakini huenda ilikuwa siku nyingine. Mama muuza chai aliyemkopesha Masafa sweta, alikuwa kabla ya mto au baada? Mumewe alimsikiliza anavyokosea, na hakuna hata mara moja aliyoweza kumwambia siyo hivyo, mke wangu, hebu rudi nyuma.

Wakafika kwenye mteremko. Kona ya kwanza yenye nafasi ya kusimama, binti alisimama, akazima injini. Wakasikiliza.

Maji.

Mama Pindo akamgeukia mumewe. "Ni hapa! Baba, ni hapa?" Macho ya Masafa yalitazama kioo. Binti alishuka, akachungulia bondeni, akarudi amelowa. Akawasha gari. Kona iliyofuata akazima tena. Maji. Iliyofuata, maji. Mvua ilikuwa imejaza kila bonde na kila mfereji, mlima mzima ulikuwa unaporomosha maji yasiyoonekana, na kona zote zilikuwa zinaimba wimbo mmoja.

"Mama," binti akasema, mikono juu ya usukani, "kila kona ina maji."

"Nimesikia."

"Kungekuwa bado na jua kali, kama tulivyopanga..." Akajikata mwenyewe, lakini lilikuwa limeshatoka.

Wakaendelea kushuka polepole, wanasimama, wanazima, wanawasha. Mama Pindo aliacha kusikiliza nje akawa anamtazama mumewe tu, kama anavyotazama kitambaa kwenye mwanga kutafuta kilipo kasoro. Kwenye kona moja yenye ukingo wa mawe, ambayo nayo haikuwa peke yake yenye ukingo wa mawe, Masafa alifumba macho, na chozi likatoka kwenye jicho la kushoto. Jicho lile lilikuwa linatoa machozi tangu hospitali, hata kwa vumbi, hata kwa moshi wa jiko.

"Hapa," Mama Pindo akasema.

"Una hakika?"

"Egesha."

Waliegesha. Walimtelezesha kutoka kitini hadi kitandani, na kitanda kilikuwa sawasawa na kiti, hakikupungua wala kuzidi. Binti alikoroga uji. Mama Pindo alimlisha mumewe kijiko kwa kijiko, akampangusa mdomo, kisha akalala kando yake akamwambia karibu na sikio, "Haya, nimekuja. Nimekaa chini." Paa halikuvuja hata tone. Asubuhi ukungu ulifunga bonde lote, hawakuona chochote, wakageuza gari wakarudi nyumbani.

Masafa alifariki kabla mvua hazijaisha, kitandani kwake, mchana, cherehani ikiwa imefunikwa. Waliokuja msibani walimuuliza mjane kama ni kweli alifika kule alikokuwa akikusema marehemu siku zote. Akawajibu wote jibu moja: "Nilifika." Muuza mkaa alikaa naye siku zote za matanga, akamshika mkono kila aliposema hivyo, kwa sababu yeye, mtu wa kusikiliza ukutani, alijua kila kitu.

Kiangazi kilipoingia, binti alikuja siku moja ameshika funguo. "Mama, twende. Sasa kumekauka. Kona yenye maji itabaki moja tu, tutaijua. Tukilala palepale tulipolala, vizuri. Tukiikuta nyingine, tutalala hiyo."

Mama Pindo alikuwa anatoa uzi kwenye bobini. "Na nikiikuta nyingine, yule niliyelala naye kwenye ile kona ya mvua nilimpeleka wapi?"

"Mama..."

"Mwache baba yako alale alipolala."

Binti hakubishana. Lakini likizo ya shule ilipofika aliaga kwamba anakwenda kumtembelea rafiki yake, akaomba gari, na mama akampa bila kuuliza rafiki anakaa wapi. Alijua. Mzazi hujua. Siku alizokuwa hayupo Mama Pindo alishona vibaya, akafumua, akashona tena.

Binti akarudi jioni, viatu vyekundu kwa vumbi. Mama alimpakulia chakula, akakaa mbele yake akamtazama akila. Msichana aliinamia sahani, akala mpaka punje ya mwisho, kama mtu anayeogopa kumaliza.

"Barabara ikoje?" Mama Pindo akauliza.

"Nzuri, mama. Wameziba mashimo."

"Mashimo yote?"

"Mengi."

"Vizuri."

Binti akachukua sahani, akaenda kuiosha. Aliiosha muda mrefu mno kwa sahani moja, akiwa amempa mama yake mgongo. Mama Pindo akavuta kiti chake dirishani, akaweka nguo chini ya sindano, na akaanza kukanyaga.